Mabeseni Sita ya Saa Nane Usiku: Kuchagua Zana Huria za Majaribio Ukiwa Unaanza

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza programu hapa Kigoma, swali mnaloniletea kuliko yote ni hili: "Kaka, tujifunze Selenium, Playwright au Cypress?" Hizo ni zana huria, yaani za bure na msimbo (code) wake uko wazi, zinazofungua kivinjari na kuijaribu tovuti badala ya mtu. Swali hilo nitalijibu, ila nianze na mabeseni sita ya dagaa, maana hayo ndiyo yaliyonifundisha.

Tulikuwa na mfumo mdogo wa kusajili mzigo unaoshushwa mwaloni Kibirizi. Karani anapima, anaingiza kwenye simu, na mwisho wa siku kila mwenye mzigo anapata hesabu yake. Asubuhi moja mama mmoja anayeuza dagaa akanisimamisha. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, mabeseni yangu sita ya usiku mmeyapeleka wapi?" Nikafungua mfumo, hayamo. Kumbe karani aliyaandika vizuri kabisa. Yalikaa kwenye tarehe ya jana yake, siku ambayo hesabu ilishafungwa na watu wameshalipwa.

Seva yetu ilikuwa inatunza muda wa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, ambao uko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu. Mzigo wowote ukipimwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, kwa seva bado ni jana. Mitumbwi mingi hurudi alfajiri, kwa hiyo kosa lilijificha miezi. Usiku ule ziwa lilichafuka, wachache wakarudi mapema, na yule mama akapimiwa saa nane.

Wakati huo tulikuwa na majaribio ya Selenium zaidi ya thelathini. Yanafungua ukurasa, yanaweka nywila, yanajaza fomu, yanabonyeza kitufe. Yote yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu, na yote tulikuwa tunayaendesha mchana.

Ndiyo maana nawaomba msianze na kivinjari. Anzeni na pytest kama mnaandika Python, au JUnit kama mko kwenye Java; hizo hujaribu kipande kimoja kimoja cha msimbo bila kufungua tovuti. pytest haina masharti mengi: faili lianze na test_, funksheni nayo ianze na test_, ndani yake uandike assert na kile unachokidai. Kasoro ya yule mama ingekamatwa kwa mistari minne. Unaipa funksheni ya kukokotoa tarehe saa 23:00 ya UTC, tarehe 14, unadai ijibu tarehe 15. Ikikosea, pytest inakuonyesha ulichodai na ilichopata, vyote viwili. Huhitaji seva, wala kivinjari, wala bando. Majaribio mia ya namna hiyo yanakwisha kwa sekunde chache hata kwenye laptopu iliyochoka.

Kuna sharti ambalo wengi hawaambiwi: funksheni isijisomee saa yenyewe, ipewe saa kutoka nje. Ikijisomea, itakubidi ukeshe hadi saa nane usiku ili uijaribu. Ikipewa, unaweza kwa kutumia parametrize, amri ya pytest ya kurudia jaribio moja kwa thamani nyingi, kuipitisha kwenye kingo zote: dakika moja kabla ya saa sita usiku, saa sita kamili, dakika moja kabla ya saa tisa, saa tisa kamili. Kasoro hupenda kukaa kwenye kingo. Sisi wenye saa za Kiswahili tuna ukingo mwingine wa kwetu peke yetu: karani akiandika 8 akimaanisha saa nane usiku, kompyuta inaelewa saa mbili asubuhi. Jaribio la namna hiyo hutalikuta kwenye somo lolote la mtandaoni, utaliandika wewe uliyezaliwa hapa.

Sasa vivinjari. Selenium ni ya siku nyingi. Jason Huggins aliianza mwaka 2004 huko Chicago, na itifaki yake ya WebDriver, yaani kanuni za kukiamuru kivinjari, ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2018. Unaweza kuitumia kwa Java, Python, C#, Ruby au JavaScript, na ukikwama, karibu kila swali limeshajibiwa na mtu. Zamani ilitutesa kila Chrome ilipojisasisha, kwa sababu kiendeshi chake, programu inayoiunganisha Selenium na Chrome, kilikuwa hakilingani tena. Tangu toleo la 4.6, kisaidizi chake kiitwacho Selenium Manager kinakitafuta chenyewe, mradi uwe na intaneti.

Taabu iliyobaki ni kusubiri. Ukurasa haujamaliza kufunguka, jaribio limeshabonyeza kitufe ambacho hakipo. Dawa yetu ilikuwa kuliamuru jaribio lilale sekunde tatu. Mchana lilipita. Jioni, mtandao ukielemewa, ukurasa ulichukua sekunde tano na jaribio likaanguka. Tukaongeza ziwe sita. Baadaye tukazoea kuyarudia majaribio mpaka yawe ya kijani, na hapo ndipo tulipoharibu kila kitu, kwa sababu siku ilipokuja kasoro ya kweli tuliyarudia mara tatu tukiamini ni mtandao. Jaribio usiloliamini ni baya kuliko kutokuwa na jaribio, linakupa usingizi. Kwenye Selenium, acheni amri ya kulala kabisa, tumieni WebDriverWait, msubiri jambo lenyewe litokee: kitufe kionekane, jedwali lijae.

Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, inafanya hilo bila kuombwa. Kabla ya kubonyeza, inahakikisha kitufe kinaonekana, kimetulia, kimewashwa na hakijafunikwa na kitu kingine. Jaribio likianguka, inaweza kukuachia kumbukumbu ya kila hatua pamoja na picha za skrini, uitazame taratibu kama mtu anayerudisha nyuma video. Kwa anayeanza leo, mimi namshauri hii, na naisema bila kusitasita.

Ila angalieni bando. Playwright inapakua vivinjari vyake yenyewe, Chromium, Firefox na WebKit, na mzigo huo ni mamia ya megabaiti. Andikeni playwright install chromium ili kije kimoja tu, au iambieni itumie Chrome iliyomo tayari kwenye mashine. WebKit, injini ya kivinjari cha Safari, ipakueni siku mtakapokuwa na intaneti nzuri, kwa sababu inawasaidia kukisia mambo yatakavyokuwa kwa mwenye iPhone hata kama hakuna kati yenu mwenye Mac.

Cypress ni nzuri kwa anayeandika JavaScript tu. Timu yetu ni ya Python, kwa hiyo sikukaa nayo sana.

Robot Framework, zana nyingine ya kuandika majaribio, ndiyo ninayoona watu wa kwetu wanaipita bila kuitazama. Ilikulia Nokia, ikafanywa huria mwaka 2008. Majaribio yake yanaandikwa kwa maneno unayoyatunga mwenyewe, na hakuna anayekuzuia kuyatunga kwa Kiswahili. Kwetu kuna mistari kama "Pima mzigo saa nane usiku" na "Hesabu ya leo iwe na mabeseni sita". Chini yake kuna Python, lakini karani wa mwaloni aliisoma mwenyewe, akaweka kidole kwenye skrini: "Hapa mmekosea, mzigo ukirudishwa haufutwi, unaandikiwa mstari mwingine." Hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa anajua hilo.

Tangu hapo tuna daftari. Kila lalamiko linaloletwa linaandikwa kwa maneno ya aliyelileta, kisha linageuzwa kuwa jaribio linaloanguka, na ndipo tunaruhusiwa kugusa msimbo. Mstari wa kwanza wa daftari hilo ni swali la yule mama, na jaribio lake ndilo la kwanza kuendeshwa kila tunapotaka kupeleka toleo jipya mwaloni.