Maswali Yenu: Herufi tatu kwenye kipande cha shaba

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Mwanangu anasoma Uingereza, kanitumia picha ya kipande cha shaba alokinunua soko la vitu vya kale. Upande mmoja kina mchoro kama pia, upande wa pili herufi tatu, R juu, T na M chini, na mwaka 1666. Kichwa cha mfalme hamna. Muuzaji kamwambia hiyo ni pesa ya mwenye duka, sasa mwenye duka anajitolea pesa yake mwenyewe, serikali iko wapi? Na mie hapa dukani nikikosa chenji nawapa watu pipi, si mambo yaleyale? Halafu, akisugue na ndimu king'are?
Mama wa duka, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Muuzaji kasema kweli. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa 1649, na walioshika nchi baada yake hawakutoa hela ndogo za shaba, na mtu wa kawaida manunuzi yake ndo hayohayo ya robo peni na nusu peni, sasa atapewa chenji gani? Basi wenye maduka, waoka mikate, wenye nyumba za wageni wakachongesha vyao, ruhusa hawana, na serikali ikawaachia zaidi ya miaka 20, mpaka 1672 Charles wa Pili alipotoa robo na nusu peni zake za shaba akapiga marufuku hizo za madukani.

Huo mchoro wa pia ni bonge la sukari. Zamani sukari ilikuja imegandishwa imechongoka juu, ngumu, unamegewa kipande, kwa hiyo hata asojua kusoma akiona mchoro anajua ni duka gani. Na herufi, R ni jina la ukoo, T ni la mume, M la mke. Mke yumo kwenye pesa bibie! Mie hapo ndo napapenda kuliko pote, maana duka walikuwa wanaliendesha wote wawili na mtaa mzima unajua.

Huku kwetu ilikuwa vyengine, zile pesa za shaba za mwaka 1299 Hijria zenye mchoro wa mizani, ambazo wazee wengine bado wanazo, alizitoa Sayyid Barghash mwenyewe, sultani wa Zanzibar.

Sasa pipi. Hapana, si mambo yaleyale. Kile kipande ni deni, mwenye duka kaweka jina lake, ukimrudishia anakipokea, anakupa bidhaa au fedha. Wewe mtoto akikuletea pipi zako anataka mkate utampa? Kama humpi basi umemuuzia kitu hakukitaka. Bora uandike kwenye daftari kwamba unamdai au anakudai, kesho mnamalizana.

Ndimu asiguse kabisa! Asidi inakula herufi, na wanaokusanya vitu hivi wanaitaka ile rangi yake ya kizee, kikishasuguliwa bei inaanguka. Akiweke pakavu tu, na akikishika akamate ukingoni.