Maswali Yenu: Utajiri wa Trinidad

SWALI: Mji mdogo wa Trinidad, Kuba, unasifiwa kwa majumba yake ya enzi za Wahispania. Utajiri ule ulitoka wapi?

JIBU: Kwenye miwa, ndugu yangu, na migongoni mwa watumwa. Diego Velázquez, mtekaji wa Kihispania, aliuanzisha mji mwaka 1514, lakini fedha hasa zilimiminika baadaye sana, kutoka mashamba ya Valle de los Ingenios, bonde la viwanda vya sukari karibu na mji. Mnara wa Manaca Iznaga bado umesimama huko. Kengele yake ndiyo iliyowaamuru watumwa kuanza na kuacha kazi. Mimi navutiwa zaidi na madirisha ya mjini: marefu, hayana vioo, nondo tupu, mtu anapiga soga na wapita njia akiwa sebuleni. Biashara ya sukari ilipoanguka, nani angekuwa na fedha za kubomoa majumba hayo na kujenga mapya? UNESCO iliuorodhesha mji huo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1988.