Lebo ya asali yako imeigwa? Usianze na barua ya wakili

Mkuu, umeuliza kama cheti cha jina la biashara ulichopewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinatosha kumshtaki huyo mwenzako wa sokoni aliyetoa asali yenye lebo kama yako. Hakitoshi. Mimi ni wakili, kesi za biashara ndizo kazi yangu hapa Tabora na Kigoma, na swali hili naletewa sana na watu wa asali, dagaa na mawese.

Jina la biashara linaonyesha tu nani anamiliki biashara. Kinacholinda jina na nembo ya kwenye chupa ni alama ya biashara. Inasajiliwa BRELA hiyohiyo, ila kwa maombi mengine, chini ya sheria ya 1986. Ikisajiliwa inadumu miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara.

Kutosajili hakujakumalizia haki. Mahakama inaweza kumzuia mtu anayeuza bidhaa yake kana kwamba ni yako, lakini kuthibitisha ni juu yako: kwamba wanunuzi wanaitambua asali yako kwa mwonekano ule, kwamba lebo yake inawapotosha, na kwamba unapata hasara. Kesi nyingi hufia hapo, maana mtu anakuja ofisini na hasira na chupa moja. Mteja wangu mmoja wa sabuni ya mawese, Kigoma, alikuja na ankara za waliomchapia lebo, stakabadhi za mizigo aliyotuma Dar kwa treni, na meseji za wateja wakilalamika kuwa sabuni yake imeharibika, wakati walinunua ya mwingine. Meseji zile zilifanya kazi kuliko hoja zangu zote. Kwenye usuluhishi, ambao kesi ya madai lazima ipitie kabla ya kusikilizwa, mpinzani alikubali kubadili jina na rangi.

Kwa hiyo nunua chupa zake madukani, udai risiti. Meseji usizifute na simu usiiuze, kwa sababu mahakama itataka kujua ushahidi wa kielektroniki umetoka wapi na umetunzwaje. Na usilale: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3.

Pima pia unachodai. "Asali" ni ya wote, na "Tabora" ni ya wote. Mfugaji nyuki wa Sikonge au Kaliua ana haki ya kuandika maneno hayo, na naamini ni sawa kabisa iwe hivyo. Chako ni jina ulilobuni, mchoro na mpangilio wa rangi. Kijana aliyekuchorea lebo akuandikie na kusaini kwamba amekukabidhi haki za mchoro huo.

Zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha wakati kesi inaendelea, halitolewi kwa huruma. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, jaji anaangalia kama kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, kama utapata madhara yasiyofidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa.

Sasa barua. Ukimwandikia leo, unamwamsha, naye anaweza kuwahi BRELA na alama inayofanana na yako. Peleka maombi yako kwanza, ni ya mtandaoni, ndipo barua ifuate. Ukikuta ameshaomba, fuatilia tangazo la maombi yake: una siku 60 za kuweka pingamizi, na ushahidi uleule ndio utakaoupeleka kwa Msajili.