Dune ya pili kwa mega 700? Usitoe makuta kwanza

USILIPE. Umepata kijana komini ya Kenya (ya kwetu Lubumbashi, wa Nairobi mtulie) anayetaka kukujazia Dune sehemu ya pili kwenye flashi, filamu nzima mega 700, Jumapili uwaonyeshe wenzako kwa projekta. Unauliza kama ni lazima waanze na ya kwanza, na kama uchukue ya Kifaransa au ya Kiingereza. Mdogo wangu, hayo ni madogo. Kubwa ni hiyo mega 700.

Filamu ina dakika 166. Mchanga, vumbi na giza ndivyo vinavyokufa kwanza faili ikikamuliwa: kila chembe inasogea, nafasi ya kuzihifadhi zote haipo, basi zinapakwa pamoja. Jangwa linabaki doa la kahawia, na anga la usiku linajaa vimiraba. Na hapo bado hujauziwa ile iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema. Mimi niliuziwa hiyo.

Nilikuwa nimeisifu filamu hii kwa kila mtu wa lupango (uani kwetu), hata wasioniuliza. Nikakodi projekta, nikanunua mafuta ya grupu (jenereta) kwa sababu kuran, yaani umeme, ya mtaa wetu wa Katuba haina ahadi, nikatundika shuka jipya la mama watoto bila kumwambia (kesi hiyo haijaisha). Baba mkwe akawekewa kiti cha mbele. Yule kijana wa kibandani alikuwa ameniapia: "Yaya (ndiyo kaka kwetu), hii ni safi, hata Ulaya hawajaiona hivi." Kweli hawajaiona hivi! Huko kichwa cha mtu anayekwenda chooni hakipiti katikati ya jangwa, kikubwa kuliko lile dude la mchangani, yule mnyoo wa jangwa. Watoto wakacheka, nami nikacheka, nikawaambia huyo ni mmoja wa waigizaji.

Tukafika Giedi Prime, sayari ya akina Harkonnen, wale wabaya wa filamu. Jamani, mimi niliipenda sehemu hii kabla sijaiona, kwa kusoma tu jinsi ilivyotengenezwa. Jua la huko ni jeusi. Greig Fraser, mpiga picha wa mwongozaji Denis Villeneuve, alipiga matukio ya nje ya sayari hiyo kwa kamera iliyorekebishwa ipokee miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ndiyo maana ngozi za watu zinakuwa nyeupe hadi zinatisha. Ndani kuna rangi. Mtu akitoka chini ya jua lile, rangi inamkimbia. Feyd-Rautha, mpiganaji wa akina Harkonnen, anaingia uwanjani na kipara chake, na juu fataki zinapasuka kama wino uliomwagwa kwenye maji.

Kwenye kopi yangu yote hayo yalikuwa kijivu chenye ukijani. Baba mkwe akageuka: "Mkwe, mashine yako imekufa rangi." Shemeji, fundi wa kila kitu, akainuka akachomoa waya ili anisaidie. Kompyuta ikaendelea kucheza peke yake gizani, na projekta ilipowaka tena pambano lilikuwa limekwisha. Mpaka leo baba mkwe anawahadithia watu kwamba Dune ni filamu iliyoharibikia katikati.

Nilipomrudia yule kijana unajua alinijibu nini? "Yaya, lakini hadithi si uliielewa?" Hadithi! Hadithi iko kwenye kitabu cha Frank Herbert tangu 1965, ningetaka hadithi ningekaa na kitabu. Filamu imepata Oscar ya athari za picha na ya sauti mwaka 2025, wewe unaniuzia hadithi? Na sauti yenyewe, Paul, shujaa wa filamu, anapanda lile dude kwa mara ya kwanza, Hans Zimmer, mtunzi wa muziki, amefungulia kila kitu, mimi namsikia mtu anakohoa.

Baadaye binamu alirudi kutoka Johannesburg na diski halisi. Televisheni yake ni ya kawaida tu, lakini nilikaa mdomo wazi. Upepo unavuta mchanga juu ya tuta na unauona. Rangi inapokufa unajua imekusudiwa, hakuna wa kuinuka kushika waya.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata franga moja, mwambie akufungulie Giedi Prime hapohapo mbele yako. Siyo mwanzo wa filamu, mwanzo wanajua kukuonyesha. Angalia lile giza la pembeni mwa uwanja kama lina vimiraba, angalia ngozi kama ni nyeupe au za kijani, tega sikio kama kuna anayekohoa. Isipopita hapo, ahirisha Jumapili, tafuta diski halisi. Wenzako watanuna kidogo, watakula, watasahau.

Ya kwanza, ile ya 2021, ndiyo, waanze nayo, la sivyo utakuwa unawaeleza majina usiku kucha. Lakini Giedi Prime kwanza, mbele yako, kabla ya makuta!

Na akikataa kufungua, akakuambia hadithi utaielewa tu, basi ni yeye yuleyule. Mwambie mwenye shuka bado anamtafuta.