Umekiuka Nini Hasa?

Kazi yangu ni kuandika na kusahihisha barua za onyo kazini, na neno linalonichosha kuliko yote ni "kukiuka". Neno lenyewe halina ubaya. Shida ni kwamba watu huandika "umekiuka taratibu za kazi" halafu wanaweka nukta. Taratibu zipi?

Asili ya kukiuka ni kupita juu ya kitu, kama mtu akiukavyo gogo njiani. Basi gogo lionekane. Taja kifungu, taja siku, taja kilichofanyika. Wala hili si pambo la lugha: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 hapa Tanzania zinataka, inapoamuliwa kama kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu ni haki, ijulikane kama kweli mfanyakazi amekiuka kanuni, kama kanuni hiyo iko wazi, kama aliijua, na kama wengine nao hubanwa nayo. Barua isiyotaja kanuni itakuwa na kazi ngumu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Nawe uliyeipokea, anza jibu lako kwa kuuliza ni kanuni ipi.

"Kuvunja" kunahitaji uangalifu zaidi. Kuvunja sheria na kukiuka sheria ni mamoja, sina ugomvi. Kwenye mkataba mambo hubadilika. Klabu "ikivunja mkataba na kocha", msomaji wa kurasa za michezo anaelewa kwamba wameachana, pengine kwa maelewano. Rais naye anaweza kuvunja Bunge bila kutenda kosa lolote. Ukimwandikia mtu "umevunja mkataba", anaweza kuelewa kuwa hana kazi tena, na kesho asionekane. Andika amekiuka kifungu fulani cha mkataba. Mkataba wenyewe bado upo.

"Mhalifu" liache kabisa. Kuhalifu zamani kulitosha kuwa kwenda kinyume na agizo, lakini mhalifu wa leo ni mtu wa jinai, si mchelewaji wa zamu. Hata anayeshukiwa kuiba stoo ni mtuhumiwa tu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Na ukiukaji au ukiukwaji? Yote hutumika. Mimi nikimwandikia mtendaji mwenyewe huchagua ukiukaji. Nikizungumzia haki zilizokanyagwa, ukiukwaji.