Vyeti vya Kupinga Sigara Mtaani: Apewe Nani, kwa Kipimo Gani?

Kila inapokaribia 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, sanduku letu hujaa barua za aina moja: mtaa umeamua kuwapongeza waliosaidia kupunguza sigara, fedha hazitoshi, na wajumbe hawaelewani apewe nani. Safari hii tumejibu barua za wasomaji wa Dar es Salaam peke yao.

SWALI: Sisi ni kamati ya huduma za jamii ya mtaa. Tunataka kutoa vyeti kwenye mkutano wa mtaa mwishoni mwa Mei. Mara ya mwisho tulitoa vyeti 32, watu wakatucheka, maana mmoja wa waliopewa huvuta mbele ya ofisi yetu. Tuanzie wapi? (Katibu, Mbagala)

JIBU: Ndugu Katibu, vyeti 32 kwa mtaa mmoja si pongezi, ni orodha ya mahudhurio. Punguzeni vibaki vinne au vitano, na kila kimoja kitolewe kwa tendo la kuonekana kwa macho. "Mhamasishaji bora" haonekani. "Maduka ya uchochoro yaliyoondoa sigara mezani tangu Februari" yanaonekana, na jirani yeyote anaweza kupita akakubali au akabisha.

Anzeni mwanzoni mwa Machi. Majina yakiandikwa wiki ya mwisho mtawapata wanaosikika, si wanaofanya. Kila mjumbe wa shina alete mapendekezo yasiyozidi mawili, na kila pendekezo liseme mambo matatu: tendo gani, mahali gani, tangu lini. Kisha teueni wakaguzi watatu ambao si ndugu wala wadeni wa wanaokaguliwa. Hili la wadeni msilipuuze. Mtaani nusu ya watu wameandikwa kwenye daftari la mkopo la duka la jirani.

Wakaguzi wapite kila sehemu mara tatu, kwa saa tofauti: asubuhi, saa 9 alasiri wanafunzi wanaporudi nyumbani, na saa 3 usiku. Zamu ya usiku ndiyo inayosema kweli. Mama lishe anayekataza moshi mchana kutwa huweza kulegea wateja wa mwisho wakiwa ni watu anaowafahamu.

Nini cha kuangalia? Vishungi chini ya benchi. Kopo la majivu, hata kama ni kopo la nyanya lililofichwa nyuma ya mguu wa meza. Na zaidi ya vyote, kiberiti cha gesi kilichoning'inizwa kwa kamba dirishani. Hicho huwekwa kwa ajili ya mnunuzi wa sigara moja, aiwashe hapo hapo. Duka lenye kiberiti cha kamba bado liko kwenye biashara ya moja moja, hata bango lake la "Hapa Hatuvuti" liwe na ukubwa wa mlango. Kila ukaguzi uandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, kilichoonekana, sahihi. Msimtume mtoto kununua ili kumtega muuzaji. Mtakuwa mmemfundisha njia, na lawama inaweza kuwarudia nyinyi.

Cheti chenyewe kiwe karatasi ngumu ya A4, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mhusika, tendo lielezwe kwa sentensi moja, kisha sahihi ya mwenyekiti na mhuri wa ofisi ya mtaa. Nembo ya Taifa msiitoe intaneti na kuibandika juu kwa hiari yenu. Matumizi yake yana sheria. Mwisho, wekeni kikomo cha miezi 12, na kuhuishwa kutegemee ukaguzi mpya. Cheti kisicho na kikomo ndicho hubaki ukutani huku chini yake watu wanapuliza moshi, na hapo ndipo mlipochekewa.

SWALI: Nina duka dogo. Nikimkatalia mtoto sigara, anaenda duka la pili anauziwa, kesho hata sukari ananunua huko. Mimi napewa cheti, mwenzangu anapata mauzo. Haki iko wapi? (Muuza duka, Tandale)

JIBU: Malalamiko yako ni ya kweli, na ndiyo sababu hatushauri kulipongeza duka moja moja. Pongezi itolewe kwa uchochoro: maduka matano au sita yanayotazamana yakubaliane siku moja, yaanze siku moja, yakaguliwe pamoja. Likivunja moja, yote hayapati. Sharti hilo ni kali, lakini linawafanya wenye maduka walindane wenyewe kuliko mkaguzi yeyote atakavyoweza.

Sheria unayo upande wako. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Tatizo linaloangusha maduka mengi ni mtoto anayesema "baba kanituma". Kutumwa hakumwongezei umri. Jibu lake liwe moja kwa maduka yote: "Mwambie baba aje mwenyewe, shikamoo yake nampa." Likisemwa kwa utani na kila mtu, ndani ya wiki mbili wazee wanazoea kuja wenyewe. Kwa kijana unayemtilia shaka, ombi la kitambulisho halimdhalilishi mtu.

Kisha panga duka upya. Sigara zisikae jirani na pipi, biskuti na kalamu. Ziweke chini ya meza au kabatini, mahali ambapo macho ya mtoto hayafiki. Kiberiti cha kamba kiondoe siku hiyo hiyo. Ugoro na paketi za kuberi usizisahau. Wengi huondoa sigara wakaacha kuberi zikining'inia kama vipande vya shampuu, ilhali tumbaku ya kutafuna nayo ina nikotini na husababisha saratani ya kinywa.

Kuhusu mauzo: omba kamati ikutangaze kwa jina la duka kwenye mkutano, na sherehe yao wanunue soda na maji kwenye maduka ya uchochoro huo. Hiyo ni pongezi inayoingia kwenye droo.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kinaandaa bonanza la vijana la kupinga sigara. Msambazaji wa sigara ametuahidi jezi seti mbili na fulana 100 zenye maneno "Sigara si ya watoto". Wengine wanasema fedha ni fedha. Tupokee? (Mwenyekiti wa kikundi, Kigamboni)

JIBU: Msipokee, Mama Mwenyekiti, wala jezi moja.

Yasome tena maneno ya fulana hiyo kwa macho ya kijana wa miaka 15. Anachosoma ni kwamba sigara ni ya watu wazima, na yeye hamu yake kubwa ni kuonekana mtu mzima. Hayasemi kwamba sigara inaua hata hao wazima. Ujumbe wa namna hii ni mbinu ya zamani ya biashara hii, nayo inamfaa anayeuza.

Kuna pia suala la mkataba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Kifungu cha 5.3 kinataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku, na kifungu cha 13 kinahusu matangazo na udhamini. Viongozi wa mtaa wakipiga picha na hizo jezi, siku watakapotaka kumkemea muuzaji ataitoa picha hiyo simuni.

Kataeni kwa barua, si kwa simu. Mistari minne inatosha: mnashukuru kwa kukumbukwa, kikundi hakipokei fedha wala vifaa kutoka kwa mtengenezaji au msambazaji wa tumbaku, uamuzi ulipitishwa na kikao cha tarehe fulani, sahihi. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine ipelekwe kwa mtendaji. Kisha ingizeni kifungu hicho kwenye katiba ya kikundi, ili mwenyekiti ajaye asianze mjadala upya.

Na bonanza? Vizibao vya mazoezi vya kuvaa juu ya fulana hutofautisha timu vizuri tu, na huazimwa shuleni. Mshindi apewe mpira. Fedha taslimu ziepukeni kabisa: ugomvi wa kugawana bahasha umeua vikundi vingi kuliko ukosefu wa bahasha.

SWALI: Kijiwe chetu cha bodaboda tupo 14. Sita tumeamua kuacha fegi kwa pamoja, na mtaa umesema utatupongeza tukifaulu. Watajuaje kama kweli tumeacha? Na mbona mmoja wetu tangu aache anatetemeka mikono akinywa kahawa? (Dereva, Ubungo)

JIBU: Tuanze na kahawa, maana hilo linawaangusha watu bila kujua sababu. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Mtu akiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo vikombe vinne vya kila siku humfanyia kazi kama vile ameongeza. Anatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, naye anadhani mwili unadai sigara. Apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Kashata aendelee nayo.

Hamu na hasira hupanda zaidi siku tatu za mwanzo, kisha hushuka taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Wimbi moja la hamu kwa kawaida hupita ndani ya dakika tano hivi. Mbinu ya kijiwe: anayebanwa asimame, anywe maji, avute pumzi ndefu mara kumi, aende kufuta pikipiki au achukue zamu ya abiria anayefuata. Mwenzake asimhubirie. Anayezoea kuwasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, uraibu wake ni mzito. Huyo aende kituo cha afya aulizie ushauri na dawa za kusaidia, kama chingamu au plasta za nikotini, badala ya kupambana na dhamira tupu.

Sasa kipimo. Vipo vifaa vya kupima gesi ya kaboni monoksidi kwenye pumzi, lakini huonyesha moshi wa saa chache zilizopita tu. Anayejizuia tangu jana anapita. Tena havigundui ugoro. Kunusana midomo nako ni kudhalilishana. Kwa pongezi ya mtaa, njia nzuri ni shahidi: kila anayeacha achague watu wawili, mmoja wa kijiweni na mmoja wa nyumbani, waseme ndiyo au hapana kila mwisho wa mwezi. Wa nyumbani hadanganyiki kirahisi.

Pongezi zenu ziwe mbili. Mwezi wa kwanza, kupigiwa makofi kijiweni, basi. Cheti kije baada ya miezi sita, kwa kuwa wengi wanaorudia hurudia ndani ya wiki na miezi ya mwanzo. Aliyeteleza akavuta moja asifutwe. Tarehe yake ianze upya, na jina libaki ubaoni. Mkimfuta ataanza kuvuta kwa kificho, na mashahidi wataanza kusema uongo kwa huruma.

Angalieni pia asihamie kwingine. Shisha, ambayo serikali ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, si nafuu: kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, mvutaji wa kikao kimoja cha saa nzima huweza kuvuta moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Maji yaliyomo kwenye chombo chake hayachuji sumu.

SWALI: Je, kuna tuzo kubwa kuliko ya mtaa? (Msomaji, Buguruni)

JIBU: Ipo. Shirika la Afya Duniani hutoa tuzo za Siku ya Kutotumia Tumbaku kila mwaka kwa watu na taasisi katika kanda zake sita, Afrika ikiwemo. Msifikirie tuzo kwanza, fikirieni faili: madaftari ya ukaguzi, mihutasari yenye sahihi, picha za kabla na baada zilizopigwa mahali pale pale, na barua za kukataa udhamini wa tumbaku. Picha zisionyeshe pakiti wala rangi za chapa yoyote. Faili likishiba, mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wauzaji sugu ni jambo jingine: usimamizi wa bidhaa za tumbaku tangu 2021 uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na malalamiko yapelekwe huko.

SWALI: Klabu yetu ya afya inataka kumzawadia mwanafunzi atakayewataja wavutaji wengi zaidi. Ni sawa? (Mwalimu mlezi, Temeke)

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mtoto atamtaja baba yake, naye jioni atarudi nyumba ile ile. Mzawadieni aliyechora ramani ya maduka yaliyo kati ya nyumbani na shule, akaonyesha kwa alama yapi yanaweka sigara wazi mezani. Ramani hiyo mpeni katibu wa mtaa. Wakaguzi wataihitaji Machi.