Kuijua sayari si kuifikia

Mdogo wangu, umeuliza hizo sayari za mbali, zinazozunguka nyota nyingine, wanasayansi walizionaje, na kama wajukuu wetu watafika. Nyingi hawakuziona kwa macho. Fikiria mtu anazungusha ndoo ya maji gizani: ndoo huioni, lakini mwili wake ukiyumba unajua ameshika kitu kizito. Ndivyo wanasayansi Mayor na Queloz wa Uswisi walivyoipata sayari 51 Pegasi b mwaka 1995: nyota yake iliyumba, wakapiga hesabu. Ila usiwaze kiwanja huko. Inaizunguka nyota yake kwa siku nne na kidogo, karibu mno, ni moto mtupu (wazia lava ya Nyiragongo).

Kufika sasa. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinakimbia kilomita kama 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo Goma hadi Bukavu ni sekunde sita. Boti yetu haijafungua hata kamba bandarini. Lakini Proxima Centauri, nyota jirani kabisa na Jua, ingekula miaka zaidi ya 70,000. Wapo wanaowaza kusukuma vyombo vyepesi vya gramu chache kwa leza, vifike kwa miaka 20 hivi. Picha, labda. Mtu na mizigo yake, mimi sioni.